Ukurasa Wenye Mafuta ya Samaki

Kiyeyi, Tororo
5 Agosti 1957

Kwa Mwalimu Maggie Maloba,
Busia, upande wa Kenya

Binti yangu,

Futa jina langu kwenye kile kibao. Prossy alipita hapa jana na samaki wake, akaniambia kwamba Chama cha Wasomaji kimepata chumba nyuma ya shule, kwamba fundi amekwisha kuchonga "Chumba cha Kusomea cha Mwalimu Zefania Ikiring", na kwamba mnangoja nife au nipone ndipo mkipigilie mlangoni. Kisikae hapo hata siku moja. Nimeficha jambo tangu mwaka 1955, na nimelificha nikiwa nimeketi katikati yenu, nikila kuku wenu.

Mwaka ule maktaba ya Chuo Kikuu kule Kampala iliwaandikia kwamba haki yenu ya kuletewa magazeti imekatwa. Walisema mtu wa kuaminika amewaarifu kuwa watu wa Busia wanafungia samaki kwenye magazeti ya Chuo, tena ameambatanisha ukurasa uliolowa mafuta kuwa ushahidi. Mlimtafuta mtu huyo. Wengine walisema ni askari wa mpakani. Wengine wakasema ni karani wa posta. Wewe ulisema ni Mzungu fulani wa pamba, asiyetaka wakulima wajue bei ya ng'ambo. Mimi nilitikisa kichwa pamoja nanyi, nikasema dunia imeharibika.

Mtu wa kuaminika nilikuwa mimi.

Unakumbuka tulivyohangaika kuipata haki ile. Chuo ni cha nchi zote tatu, na fedha za pamba yetu zimo ndani ya kuta zake, lakini magazeti yalikuwa yakining'inia kwenye fito za mbao yakingoja wanafunzi wachache wayaguse, kisha yanafungwa na kutupwa stoo. Tulipoomba yatufikie hata yakiwa yamechelewa, tuliambiwa msomaji wa nje lazima awe na mdhamini aliyesoma. Nikatia sahihi. Sanduku la bati likaanza kuja kwa treni hadi Tororo, na magazeti yakishasomwa yanarudi. Sahihi ile ile iliyofungua sanduku ndiyo iliyolifunga.

Mchungaji alikuja Jumapili kunisifu kitandani mpaka nikamwomba aniombee kimya kimya. Daktari wa misheni hanifichi, moyo umechoka. Ninyi nyote mmejipanga kunizika kwa maneno matamu nisiyoyastahili, nami nimechoka kuyasikia.

Na yuko Oundo. Mlipomfukuza kwa ajili ya ukurasa ule, aliyekuwa mwenyekiti ni nani?

Z. Ikiring


Busia
9 Agosti 1957

Kwako Mzee Ikiring,

Sikukuita Baba, na nimefanya makusudi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama darasani, watoto wakiandika imla. Nilipomaliza nikaanza tena, nikitafuta mahali uliposema unatania. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nukta au mkato?" Nikamwambia aweke apendacho.

Unajua nilichosema siku ile? Wewe ulikuwa mezani, mimi nimesimama mbele ya Oundo, mtu aliyekuwa akipakia lori la Tororo na kutuletea sanduku bila kudai senti. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayekaa na sanduku njiani. Wewe ndiye unayekula njiani." Akanijibu, "Dada Maggie, mimi nakula muhogo. Tangu lini muhogo ukatoa mafuta ya samaki?" Watu wakacheka, na kicheko kile kingemwokoa. Ukagonga meza. Ukasema, "Hapa si mahali pa mzaha." Ndipo akakugeukia: "Mwalimu, wewe unanijua. Sema."

Ukasema, "Chama kimesikia."

Hayo tu. Chama kimesikia. Nilidhani ni hekima ya mwenyekiti asiyetaka kupendelea upande. Kumbe ulikuwa umekaa juu ya kweli kama kuku juu ya mayai.

Oundo alikwenda Kisumu, yuko kwenye yadi ya reli hadi leo. Mama yake, Athieno, akiniona sokoni anahama mstari wa mboga anaingia mstari wa nafaka. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona mkaidi. Nilikuwa nikijisemea kwamba aliyelea mkosaji angeona haya.

Na magazeti je? Umesahau ilikuwa miaka gani? Huku kwetu ni Hali ya Hatari. Gazeti la upande wenu askari wa mpakani alikuwa akilinyang'anya kama panga. Sanduku lile ndilo lilikuwa dirisha letu. Ulipolifunga, habari tulizobaki nazo ni zile alizotangaza chifu kwenye baraza, na chifu haulizwi swali. Baba yangu alikufa mwaka jana akiuliza, "Sanduku halijaja?" Nilimwambia liko njiani. Kwa ajili yako nilimdanganya mtu anayekufa.

Nataka neno moja tu: kwa nini? Na usinijibu kwa Biblia.

Maggie Maloba


Busia
24 Agosti 1957

Kwako Baba Mwalimu,

Hukunijibu. Prossy anasema mkamwana wako Adeke ndiye anayekunywesha uji sasa, na kikombe chenyewe huwezi kukishika. Sikujua mambo yamefika huko. Nisamehe ukali wangu, lakini si wote. Mwingine naubakiza.

Naandika kwa sababu nadhani nimeipata sababu uliyoshindwa kuniambia. Prossy ndiye aliyenifungua macho. Nilimsomea barua yako, nikawa natukana, akaniacha nitukane mpaka nikachoka. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha Lunyo:

"Maggie, wewe nasahau? Hiyo gazeti ilikuwa nanuka. Mimi nabeba chini ya samaki. Askari nafunua tenga, naona kichwa ya samaki, nafunika pua, nasema pita. Sasa ikirudi kwa Mzee, nanuka vile vile. Yeye nafungua sanduku, nasema nini? Nasema hawa watu nakula samaki juu ya gazeti yangu."

Baba, haya hatukukwambia wakati ule. Sanduku la Oundo lilikuwa linaishia dukani upande wa Uganda. Kutoka pale magazeti yalivuka mpaka chini ya samaki kwenye matenga ya Prossy, na yakarudi hivyo hivyo. Tulikuficha kwa sababu ulikuwa mwalimu wa shule ya serikali maisha yako yote. Mzee Okochi alisema, "Ikiring akiulizwa na DC atasema kweli. Hiyo ndiyo taabu yake." Tukacheka, tukakuficha.

Kwa hiyo kosa limegawanyika. Sanduku la kurudi lilipitia kwako upate kutia sahihi. Ukasikia harufu. Tenga moja lilivuja, ukurasa ukalowa, ukauona. Mtu aliyeheshimu karatasi kama wewe alikasirika, akaandika kabla ya kuuliza. Ulikosa kutuuliza, nasi tulikosa kukuambia. Na Oundo hakukosa lolote.

Nimekwisha kumwandikia kwamba amesafishika. Nimekwenda kwa mama yake, nikapiga magoti kwenye uwanja wake, akaniacha hapo kwanza, kisha akasema, "Inuka, unachafua nguo ya shule."

Ninakuomba jambo moja. Waandikie Chuo kwamba ulidhani vibaya. Waeleze habari za matenga. Siku hizi ulinzi wa mpakani umelegea kidogo, na Prossy amekubali yasemwe. Orodha ya wasomaji wa nje inafungwa mwisho wa Septemba kwa ajili ya mwaka mpya wa masomo. Mdhamini ni wewe peke yako, na neno watakalolisikiliza ni lako.

Nimekusamehe, Baba. Fundi ameambiwa asikivunje kibao.

Binti yako,
Maggie


Kiyeyi
30 Agosti 1957

Binti yangu,

Nimepokea barua yako. Adeke alinisomea, kwa kuwa siku hizi mistari inatembea.

Nimewaandikia Chuo kama ulivyotaka. Nimesema nilidanganywa na harufu.

Usinishukuru. Na kile kibao bado nasema kisipigiliwe.

Z. Ikiring


Maktaba ya Chuo Kikuu
Kampala
12 Septemba 1957

Kwa Mwalimu Maggie Maloba, na nakala kwa Mwalimu Z. Ikiring

Kwa heshima,

Mimi ni B. Oguttu, msaidizi katika chumba cha magazeti. Kwetu ni Lunyo. Naandika kwa Kiswahili, na si kwa Kiingereza cha ofisi, ili barua hii isomwe mbele ya Chama na kila mtu aisikie.

Barua ya Mwalimu Ikiring ilipofika niliipeleka mwenyewe kwa Mkutubi, nikamsihi. Aliisoma kwa upole. Kisha akaagiza jalada lenu, na ukurasa ule ukatolewa. Nasikitika kusema hauafikiani na maelezo ya tenga lililovuja.

Karatasi iliyolowa ndani ya tenga hulowa ukingoni, au hulowa pamoja na nyingine zilizoilalia. Hii ni moja tu. Ina mikunjo ya kifurushi kutoka pande zote nne, na alama ya kamba iliyopita katikati kama msalaba. Magamba yamegandia ndani, si nje. Mkutubi amesema: "Kama Mwalimu Ikiring hakuelewa alichokiona, ni sawa, tumemsikia. Lakini samaki huyu alifungwa na mtu. Mtu huyo ni nani?"

Msimamo wake ni huu. Chama kikimtaja aliyefanya hivyo, naye akikiri, haki yenu itafunguliwa tena kabla ya orodha kufungwa tarehe 30. Kisipomtaja, mlango utabaki ulivyo, na mdhamini mwingine hatakubaliwa.

Nawaombeni msinielewe vibaya. Nina uchungu kuwaandikia ndugu zangu hivi. Magazeti ya kipindi chote hiki hayakutupwa. Niliyafunga mwenyewe na kuyaweka stoo, juu, mbali na mchwa, nikiamini kuna siku mtayaomba.

Wenu,
B. Oguttu


Busia
22 Septemba 1957

Baba Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na safari hii sijui nimkasirikie nani. Nisaidie.

Jana tulikusanyika kuisikia barua ya Oguttu. Oundo alikuwapo. Alikuja kutoka Kisumu kwa sababu mimi nilimwita, nilimwandikia kwamba njoo, jina lako limesafishwa. Alikaa nyuma na kofia yake ya reli magotini. Mama yake alikuwa amempikia, na alikuwa amemletea kila mtu chakula, hata mimi.

Nilisoma kwa sauti bila kuwa nimeipitia kwanza. Niliipokea mlangoni nikaifungua pale pale kwa furaha ya kijinga. Nilipofika kwenye mikunjo na kamba, nilisikia sauti yangu ikipungua. Nilipomaliza, Mzee Okochi akasema polepole, "Basi tumerudi kwenye muhogo."

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama Oundo. Nami, Baba, niligeuka. Mimi niliyepiga magoti uwanjani kwa mama yake, niligeuka nikamtazama kama wengine.

Oundo akasimama. Akasema, "Mliniita kunisamehe au kunikamata?" Nikasema, "Kaa, Oundo, hatujasema kitu." Akasema, "Ndiyo shida yenu. Hamsemi kitu. Mara ya kwanza mlinyamaza, nikahama. Sasa mnanyamaza tena. Mimi kamba ya kufungia samaki naitoa wapi, kwenye lori la mawe?" Mama yake akakusanya sahani zake, zingine zikiwa na chakula. Walitoka pamoja.

Prossy alikuwa analia kwa hasira. "Mimi samaki nafunga na jani ya mgomba. Jani iko bure. Gazeti nasoma. Nani mjinga atafunga samaki na kitu ya kusoma?"

Nimekaa nikihesabu mikono iliyoshika sanduku lile. Oundo alilileta dukani. Prossy aliyavusha magazeti. Mimi niliyasoma mbele ya watu wote, nikayapanga, nikayarudisha. Prossy akayavusha tena. Oundo akalipeleka sanduku kwako. Kisha wewe ukatia sahihi.

Sitaimaliza hesabu hii. Naogopa.

Ukurasa ule uliupata wapi? Uliupata ukiwa kifurushi? Nani alikupa? Kama unamficha mtu, humfichi kwa faida yake tena, unamzika Oundo. Anarudi Kisumu Jumamosi na amesema hatakanyaga Busia tena hata kwa mazishi. Orodha inafungwa Jumatatu. Nijibu, Baba.

Maggie


Kiyeyi
26 Septemba 1957

Binti yangu Maggie,

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Adeke ameshika chupa ya wino tu. Nilimtaka atoke nje, akasema, "Baba, nilikuosha miguu, nitaogopa maneno?" Basi amekaa.

Nyingine kama hii imeondoka asubuhi na treni ya Kampala, kwa jina la Mkutubi, kupitia kwa Oguttu. Inasema yale yale. Hii anakuletea Prossy. Isome mbele ya Oundo kabla hajaondoka, na mbele ya mama yake. Usimruke mtu.

Umenikasirisha ulivyonisamehe. Ulinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Ulikaa usiku kucha ukanishonea kosa dogo la heshima, kosa la mzee anayependa karatasi, nami nikalivaa, kwa kuwa kitanda hiki ni cha baridi na ulikuwa umeniita Baba tena. Nikawaandikia Chuo uongo wa pili ili kuziba wa kwanza. Mtu anayekufa na bado anasema uongo, huyo usimwekee kibao.

Sikudanganywa na harufu. Habari za matenga nilizijua kabla Okochi hajaanza kunificha. Nilimwona Prossy kando ya barabara akipanga samaki juu ya magazeti, nikapita na baiskeli yangu, nikafurahi. Nilisema moyoni, hawa watu wana akili. Niliwaonea fahari. Hiyo ni kweli na haisaidii.

Sasa sababu. Uliitaka kwa neno moja.

Mwanzoni sanduku lilikuwa linashukia kwangu. Siku likija, uwanja ulijaa. Walitoka Iyolwa, walitoka Lunyo, wenu walivuka kutoka Busia. Nilivaa koti. Nilikuwa nimestaafu, mke wangu amekufa, mwanangu yuko migodini, na nilivaa koti. Nilisoma nilichotaka, nikaruka nilichotaka. Mtu aliuliza, "Mwalimu, gazeti linasemaje?" na gazeti lilisema nilivyosema mimi.

Kisha ukawaomba Chuo sanduku lipite moja kwa moja hadi Busia, lisichelewe. Ulikuwa na haki. Uliniuliza nikakubali, hata nikakusifu. Uwanja ukawa mtupu. Mimi nikabaki na sanduku la kurudi, magazeti yaliyokwisha kusomwa, nitie sahihi kama karani.

Hata hilo ningelivumilia. Lakini wewe hukuwasomea tu, uliwafundisha kusoma. Siku moja sokoni Tororo, Prossy aliniuliza, "Mwalimu, umeona maneno ya Gold Coast? Mimi nimekwisha soma." Alikuwa na furaha, alitaka tuzungumze. Mimi sikuwa nimeyasoma. Muuza samaki wa Lunyo alisimama na kisu mkononi akanieleza dunia, vizuri, bila kukosea, na watu wakamsikiliza yeye. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na Mzungu yeyote. Nilijiambia ni hasira kwa ajili ya elimu, kwamba elimu inadharauliwa. Nilikwenda nyumbani na hasira hiyo kama mtu aliyeonewa. Maisha yangu yote nililalamika kwamba wakubwa wanafungia magazeti kwenye maktaba ili watu wasiyasome, na siku watu walipoyasoma, nililalamika pia.

Nikatafuta njia ya kulifunga sanduku. Harufu ilikuwapo, lakini harufu haishikiki. Ofisi haiwezi kuitia kwenye jalada. Walihitaji kitu cha kukiona.

Oundo hakutia mkono, wala Prossy. Tenga halikuvuja. Hesabu uliyoogopa kuimaliza, inaishia hapa.

Siku ile ile niliyokasirika nilinunua samaki kwa Prossy, ngege mmoja mnene. Alimfunga kwa jani la mgomba, kama alivyokwambia. Nikafika nyumbani, nikatoa ukurasa kwenye sanduku lenu la kurudi, nikamtoa samaki kwenye jani, nikamfunga kwenye gazeti mimi mwenyewe, nikakaza kamba, nikangoja mafuta yaingie.

Zefania Ikiring